Mbavu Zangu na Futi ya Baba

Kwanza nilisikia mlango ukigongwa. Ulikuwa mlango wa mbali, wa nyumba kubwa isiyo na vyombo ndani, na aliyegonga alikuwa mtu wa subira: anagonga, ananyamaza, anagonga tena. Sauti ilikuwa tupu. Kisha akasogea mahali pengine, na sauti ikajaa, ikawa nzito kama mtungi wenye maji. Nikashangaa mbona watu wa nyumba ile hawamfungulii. Macho yangu yalikuwa bado yamefumba, na ilinichukua muda kutambua kwamba mlango uliokuwa ukigongwa ni mimi.

"Usiamke," alisema dada yangu. "Ukiamka unacheka, na ukicheka sisikii kitu."

Alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka wangu. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto alikuwa amekilaza juu ya kifua changu, na kwa ncha ya kidole cha kulia alikigonga hicho kilicholala. Jua la asubuhi lilikuwa limeshapita chini ya mlango wa mbele na kufika kwenye miguu ya cherehani.

"Hapa ni pafu, limejaa hewa. Sikia linavyolia. Hapa ni moyo, haulii vile. Na hapa chini, upande wa kulia, ni ini. Kama gogo zima."

"Gogo lako mwenyewe," nilisema, na nikacheka, na somo likaharibika.

Hiyo ilikuwa Kigali, mtaa wa Nyamirambo, mwaka wa tisini na mbili, nami nilikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili aliyekonda kiasi kwamba shangazi zangu walikuwa wakinitazama kisha wanamtazama mama yangu. Dada alikuwa akisoma uuguzi katika shule ya watawa ng'ambo ya bonde. Aliishi bwenini na kurudi nyumbani kila Jumamosi. Katika njia yetu yote, toka msikitini hadi kwa wauza mkaa, hakukuwa na binti mwingine aliyefika shule kama ile. Watu wa mjini walituita Waswahili, na walipolitamka neno hilo walimaanisha watu wa biashara, wa kelele, wa pilau siku ya Idi, watu ambao hawasomi. Baba alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa amewatangazia wateja wake wote, hata wale walioleta suruali kupunguzwa tu, kwamba binti yake atavaa nguo nyeupe, na nguo hiyo ataishona yeye mwenyewe.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa duka la baba. Kulikuwa na cherehani mbili, pasi ya mkaa, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na pazia la kitenge lililokikata chumba katikati. Pazia hilo lilikuwa na kazi yake. Baba hakumpima mwanamke hata siku moja. Mteja wa kike alipofika, mama alimwingiza nyuma ya pazia, akampima, na kupaza sauti: "Kifua thelathini na sita! Kiuno ishirini na tisa!" Baba, upande wa pili, aliyapokea maneno hayo kama mtu anayepokea mizigo, na kuyakata kwenye kitambaa. Aliwavika wanawake wa nusu ya mtaa bila kuwaona isipokuwa walipopita barabarani wakiwa tayari wamependeza. Dada alipofika umri wa kuweza kumfikia mteja begani, alichukua kazi ya mama. Kwa hiyo kabla hajasikia habari ya mapafu wala mshipa mkuu wa damu, mikono yake ilikuwa imeshazunguka vifua vingi kuliko ya daktari.

Na futi waliyopimia ilikuwa moja, ya njano, ya kitambaa kilichokuwa kimelainika kama sikio. Ilikuwa imetoka Ujiji ikiwa shingoni mwa babu. Wakati mafundi wengine wote wa Kigali walipima kwa sentimita, baba alipima kwa inchi, kwa sababu babu alipima kwa inchi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zaidi. Futi hiyo ilikuwa na kasoro moja. Inchi ya kwanza haikuwapo. Ile ncha ya bati ilikuwa imeng'oka zamani, kabla sisi hatujazaliwa, ikaondoka na inchi nzima, na futi yetu ilianzia kwenye moja. Ukisoma thelathini na saba, ujue ni thelathini na sita. "Toa moja," baba alisema, na sisi wote tulitoa. Tulijifunza kutoa moja kabla ya kujifunza kuhesabu vizuri. Mama alitoa akiwa nyuma ya pazia, dada alitoa akiwa na pini mdomoni, na mimi nilitoa nilipopima kamba za viatu kwa mchezo. Mgeni aliyesoma futi hiyo kwa macho yake angedhani sisi ni wezi wa inchi.

*

Kila Jumamosi baada ya chai, dada alinivua shati, akanisimamisha mbele ya kioo, akachukua chaki ya fundi, ile bapa ya bluu, na kuanza kuandika juu yangu.

"Shika hapa," alisema, akinionyesha mfupa mwembamba unaotoka begani kwenda shingoni. "Huu ni mtulinga. Chini yake kuna ubavu wa kwanza, lakini hutauona wala hutaugusa. Umejificha. Watu wengi wanaugusa wa pili na kuuita wa kwanza."

"Sasa wewe unajuaje?"

Alinishika kidole, akakiweka katikati ya kifua changu, kwenye ule mfupa bapa wa kidari, akakishusha polepole kutoka kwenye kishimo cha koo. Mahali fulani kidole kilijikwaa. Kulikuwa na tuta dogo lililokatiza, kama mshono uliopigwa pasi vibaya.

"Hapo vipande viwili vya kidari vimeungana," alisema. "Na hapo, kila mtu duniani, awe mnene awe mwembamba, ndipo ubavu wa pili unaposhika. Ukilipata tuta hili hupotei. Unatoka hapo kwenda pembeni: wa pili. Unashuka: wa tatu."

Nilikwenda na kidole mwenyewe, na nikahisi kitu ambacho sijakisahau. Nilikuwa nimeishi ndani ya mwili huu miaka yote hiyo kama mpangaji, bila kujua nyumba ina vyumba vingapi. Sasa nilikuwa nimekabidhiwa ufunguo. Mbavu zilikuwa jozi kumi na mbili. Saba za juu zilikuja mbele hadi kwenye kidari, kila moja na kipande chake cha gegedu, laini kama la sikio, ili kifua kiweze kupanuka bila kuvunjika. Tatu zilizofuata hazikufika zenyewe. Kila moja iliegemea gegedu la ile ya juu yake, kama ndugu wadogo wanaoingia harusini kwa mwaliko wa kaka. Mbili za mwisho hazikushika popote mbele. Zilielea tu. Dada aliponigusa hizo nilikuwa napiga yowe kwa kutekenyeka.

Chini kabisa kulikuwa na kiwambo, msuli uliotandazwa kama ngozi ya ngoma kati ya kifua na tumbo. Ukivuta pumzi, kiwambo kinashuka, mbavu zinanyanyuka, na hewa inaingia kwa sababu imefanyiwa nafasi. "Huivuti hewa kama maji ya mrija," dada alisema. "Unapanua nyumba, nayo inaingia yenyewe." Pafu la kulia lilikuwa na sehemu tatu, la kushoto mbili tu. Baba, ambaye kwa muda wote alijifanya anatunga uzi, aliinua kichwa.

"Kwa nini la kushoto limepunguzwa?"

"Moyo umelalia huko, baba. Limekatwa ndogo ili moyo upate mahali."

Baba alifikiri. Aligusa kola ya koti lililokuwa mbele yake, akaigeuza, akaitazama ndani.

"Subhanallah," alisema. "Huyo ndiye Fundi. Mimi hapo ningeweka mshono."

Ng'ambo ya njia alikaa fundi baiskeli, jirani yetu wa miaka mingi, mtu aliyependa kucheka kuliko kula. Jumamosi hizo alikuwa akivuka na kuegemea mlango wetu, mikono myeusi kwa grisi, kunitazama.

"Yewe, sha!" alisema siku ya kwanza. "Huyu iko na spoku nyingi kuliko baiskeli ya posta. Mama yake, munamulisha kweli?"

"Tunamlisha," mama alijibu bila kuacha pasi. "Anakula kama wewe, tofauti yeye anasema asante."

"Nyinyi mucheke," dada alisema. "Shule nzima wananionea wivu. Wenzangu wanajifunza kwa vifua vyenye nyama, hawaoni kitu. Mimi nina kitabu kinachotembea."

Nilisimama wima zaidi. Sikuwa nimewahi kuonewa wivu kwa ajili ya kitu chochote. Shuleni waliniita Njiti. Jumamosi hiyo nilitoka nje na shati likiwa begani, nambari za bluu zimeandikwa juu ya mbavu zangu kutoka mbili hadi kumi, nikapita mbele ya wavulana wa mkaa taratibu ili wapate nafasi ya kusoma.

*

Halafu ikaja Jumamosi ambayo dada aliingia bila kusalimu. Alikaa juu ya kibao cha cherehani akafunika uso kwa mtandio.

Walikuwa wamefanya jaribio. Shule ilikuwa na mifupa ya mtu mzima iliyoning'inizwa kwenye ndoano, na mwalimu wao, mtawa mrefu asiyepandisha sauti, alikuwa amemwita dada na kumwambia aonyeshe mahali pa kusikilizia ncha ya moyo. Dada alilipata tuta, akashuka, akaweka kidole kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, upande wa kushoto, chini ya katikati ya mtulinga. Hapo hasa. Kisha akasema kwa Kifaransa, wazi, mbele ya darasa: nafasi ya nne.

Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia vilevile. Kidole kwenye tano, mdomo ukasema nne. Mara ya tatu wenzake wakaanza kucheka.

"Alisema nini?" baba aliuliza.

"Alisema kidole changu kinajua na mdomo wangu haujui. Alisema mgonjwa hatibiwi na kidole cha mtu mmoja. Nitamwambia mwenzangu wa zamu 'nafasi ya nne', naye ataingiza sindano kwenye nafasi ya nne, na maji tuliyotaka kuyatoa yako kwingine." Alijifuta pua. "Mtihani wenyewe ni wiki ijayo. Nikikosea tena, narudi nyumbani. Kuna binti mwingine anayengoja kitanda changu."

Pasi ya mkaa ililia kidogo ilipopoa. Nilimtazama baba, na nikaona kichwani mwake anawapitia mmoja mmoja wateja wake wote, wale aliowatangazia.

"Mvue huyo shati," alisema hatimaye. "Tufanye hapa. Tusikilize wote."

Nikasimama mbele ya kioo. Dada akaweka kidole kwenye kishimo cha koo, akashuka, akalipata tuta. Alihesabu kwa sauti, na sauti ilikuwa bado imelowa.

"Wa kwanza umejificha. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Chini yake, nafasi. Ncha ya moyo iko nafasi ya nne."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Mama naye akakubali. Mimi nilisikiliza kwa makini yangu yote na sikuona kosa.

"Rudia," baba alisema.

Akarudia. Wa nne, wa tano, chini yake, nafasi ya nne. Tukatazamana. Ilikuwa sawa. Mama alisema labda mtawa anamchukia kwa sababu ya mtandio. Baba alisema hapana, mtu asiyepandisha sauti hachukii hivyo. Dada alirudia mara nyingine na nyingine, nasi tulikaa pale, familia nzima ya watu wenye akili zao, tukisikiliza kosa lile lile na kuliona limenyooka.

Fundi baiskeli alikuwa mlangoni. Hatukuwa tumemwona akija.

"Samahani," alisema. "Mimi si daktari. Lakini nyinyi watu wa nyumba hii munahesabu vipi? Mutoto anasema tano, halafu anasema nne. Ile moja inaenda wapi? Munaipika?"

"Tano, toa moja, nne," nilimjibu haraka, nikimwonea huruma kwa kutojua hesabu. "Lazima utoe moja."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Na mdomo ukabaki wazi.

Dada aliondoa kidole kifuani kwangu kama aliyeungua. Mama aliweka pasi chini. Mkono wa baba ukapanda polepole shingoni, ukaishika ile futi ya njano kwenye ncha yake, pale ambapo inchi ya kwanza haikuwapo.

"Toa moja," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu. Ni sisi."

Fundi baiskeli alicheka mpaka akalazimika kukaa kizingitini. Alisema atawaeleza watu wote hadi mjini kwamba kuna nyumba Nyamirambo ambamo binadamu ana mbavu kumi na moja, na ya kumi na mbili fundi amebaki nayo kama kipande cha kitambaa. Mama alimrushia kijiti cha uzi. Na dada, macho bado mekundu, alianza kucheka pia, kicheko cha mtu aliyegundua kwamba hajapungukiwa akili bali amelelewa hivyo.

Baba peke yake hakucheka. Aliitoa futi shingoni. Katika maisha yangu nilikuwa nimemwona bila kofia, nimemwona bila viatu, lakini bila futi ile mchana sikuwa nimemwona. Shingo yake ilikuwa na mstari mweupe pale ilipokaa. Aliikunja, akaining'iniza kwenye msumari juu ya kioo, akamtuma mama kwa fundi wa jirani kuazima futi ya sentimita.

"Mpaka binti huyu afanye mtihani wake," alisema, "ndani ya nyumba hii hakuna mtu wa kutoa moja. Si kwenye nguo, si kwenye sukari, si kwenye rakaa."

"Kwenye rakaa hatujawahi kutoa," mama alisema.

"Nasema tu."

Wiki hiyo ilikuwa ngumu kwake kuliko kwa dada. Alipima kama mwanafunzi, midomo ikitikisika. Alikata koti la mteja mmoja likambana, kwa sababu mkono ulikuwa umetoa moja kabla hajauzuia. Alilifumua akalishona upya bila kulalamika. Mteja aliporudi na kuona halijawa tayari, aliuliza kulikoni, na baba akamjibu kwa fahari, kana kwamba ndilo jibu alilolingoja: "Binti yangu ana mtihani wa kifua."

Shule iliwaruhusu wanafunzi kuja na ndugu wa kuonyeshea, maana wasichana hawakutaka kufunuliwa mbele ya wenzao. Kwa hiyo ningeenda mimi. Baba alinishonea shati la mtihani, jeupe, lenye vifungo vilivyopangwa kuanzia kooni hadi chini kabisa ili lifunguke lote kwa upesi, na ndani ya kola akapiga mshono wa bluu usioonekana na mtu. Nilimwuliza wa nini. "Wa kujua wewe," alisema.

*

Tuliondoka asubuhi sisi watatu, baba kwa kanzu na kizibao chake cha Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa. Tulipanda hadi mjini, tukashuka bondeni, tukaanza kupanda tena upande wa Kimihurura. Vita vilikuwa kaskazini miaka hiyo, na barabarani kulikuwa na askari waliotazama vitambulisho kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Baba alionyesha chake, dada akaonyesha chake. Askari aliniuliza nina nini mfukoni. Nilikuwa na kipande cha chaki ya fundi. Alikigeuza, akakinusa, akanirudishia.

Miaka iliyofuata ilikuja na mambo ambayo kalamu yangu bado haiyakaribii. Nimejifunza kutolikwepa hilo, na pia kutoliruhusu liimeze asubuhi ile. Asubuhi ile ilikuwepo. Tulipanda kilima, baba akihema, dada akihesabu chini kwa chini, na mimi nikitembea katikati yao nikiwa nimebeba kifua changu kama mtu anayebeba trei ya mayai.

Baba aliachwa nje kwenye ukumbi wenye viti virefu. Ndani kulikuwa na meza iliyotandikwa shuka, dirisha kubwa, ile mifupa kwenye ndoano, na mtawa mrefu ameketi. Alinitazama nilipofungua vifungo. Sijui kama alitaka kutabasamu.

"Lala," aliniambia kwa Kinyarwanda.

Shuka lilikuwa baridi. Dada alinawa mikono, akaifuta, akaipuliza kidogo ili isinishtue. Kisha akaanza kunigonga. Nilikuwa nimeamka safari hii, macho wazi, na sikucheka. Sauti ilitoka tupu juu ya mapafu, ikajaa juu ya moyo, ikawa gogo juu ya ini. Kila mahali alipaeleza kwa Kifaransa kilichonyooka. Alionyesha kidari na vipande vyake, gegedu, mbavu zinazofika na zile zinazoegemea. Alinishika zile mbili zinazoelea na nikauma ulimi ili nisipige yowe. Aliniambia nivute pumzi, akaweka mikono miwili pande zote mbili za kifua, vidole gumba vikikutana katikati, na vikatengana nilipojaa hewa. Mtawa alitazama vile vidole gumba vikienda na kurudi.

"Vizuri. Ncha ya moyo."

Kidole kikatua kwenye kishimo cha koo. Kikashuka. Kikajikwaa kwenye tuta. Nilikuwa najua njia ile kuliko njia ya kwenda shule. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kikaingia katika nafasi chini yake na kusimama, na chini ya kidole moyo wangu ulikuwa ukipiga kwa nguvu kiasi kwamba nilidhani utajibu wenyewe.

Dada alinyamaza.

Nilihisi kimya kile kwenye ngozi. Kilitokea mbali, Ujiji, kwa babu, kikapita katika vifua vyote alivyovizunguka nyuma ya pazia, na sasa kilikuwa kimesimama mdomoni mwake kikidai chake. Nilifanya lile moja lililokuwa mikononi mwangu: nilivuta pumzi hadi mwisho, nikaishika, mbavu zote zikanyanyuka, nikampa kidole chake kila kilichokuwapo.

"Nafasi ya tano," dada alisema.

Mtawa hakuandika. "Una hakika? Mara ya mwisho uliniambia nne. Mara tatu."

"Nina hakika."

"Kwa nini?"

Dada hakuondoa kidole. "Kwa sababu ubavu wa kwanza hauonekani, lakini upo," alisema. "Haupunguzwi."

Mtawa aliinuka. Alichukua kipimo chake cha kusikilizia, akaja mezani, akakiweka pale pale kidole kilipokuwa, akainama. Alisikiliza kwa muda. Nami nikiwa chini yake niliona nywele chache nyeupe kidevuni mwake, na nikajua kwamba mtu huyu mkubwa, wa Kifaransa chake na ndoano yake ya mifupa, alikuwa amenyamaza ili anisikilize mimi. Nilikuwa mtoto wa fundi wa Nyamirambo. Nilikuwa Njiti. Na ndani yangu kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Ni hapo," alisema. Alirudi kwenye kiti na sasa akaandika. "Umefaulu. Mwambie anayefuata aingie baada ya muda mfupi."

Dada alishika shati langu kunivalisha. Kifungo cha juu kilimshinda mara mbili.

"Hapana," mtawa alisema. "Shati liache. Yeye abaki."

"Abaki?"

"Waliobaki wamekuja na kaka wanene." Alinitazama, na safari hii alitabasamu kweli, meno yote. "Kifua kama hiki nimekitafuta muda mrefu. Nitawapima wote juu yake. Akikubali."

Nilikubali kabla hajamaliza. Dada aliinama, akaniwekea kiganja katikati ya kifua, si kwa kuhesabu. Kisha akaenda. Alipofungua mlango nilimwona baba ukumbini, amesimama, shingo yake tupu na ule mstari mweupe, akimtazama usoni bila kuuliza. Sikuona alichofanya alipopata jibu, kwa kuwa dada alikuwa ameshatoka na kuufunga mlango nyuma yake.